Mto Alionishonea Wifi

Kama shingo yako imeanza kujaa, moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, na siku hizi unamtazama kwa jicho la pembeni mtu mnayekula naye chungu kimoja, basi haya nimekuandikia wewe. Wengine wakisoma si vibaya. Mimi si nesi wala mwalimu. Niliishia darasa la saba, nikaolewa hapa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, na tangu hapo nimekuwa mkulima wa maharage, na mtu wa kuandika mambo yangu kwenye daftari nikishaosha vyombo. Kwa hiyo ya kidaktari sitayagusa, nisije nikakudanganya. Nitasema ya benchi la hospitali, ya kitanda, na ya mto wa kulalia. Hasa ya mto, kwa sababu mto ule nusura unifanye nimwite wifi yangu mchawi.

Neno hilo kwetu si la mzaha. Nikiwa msichana niliona nyumba ya bibi mmoja ikiteketea mchana kweupe kwa sababu ya neno hilo hilo, na waliosimama kutazama walikuwa watu wema tu, wa kwenda kanisani. Yule bibi alipona, lakini hakuna aliyekubali tena kuchota naye maji kisima kimoja. Kwa hiyo neno lilipokuwa mdomoni mwangu nilijua uzito wake. Sijui kama kujua huko kunanitetea au kunanihukumu zaidi.

Wifi yangu ni Skola, mdogo wa mume wangu. Aliolewa Kakonko, hakujaliwa mtoto, akarudishwa. Alikuja na mfuko mmoja wa nailoni, akapewa chumba cha nyuma ya jiko, na huko yuko mpaka leo. Hana kwingine. Ulimi wake ni pilipili. Nasema hivyo bila kumwonea, mwenyewe hujisifia. Tulikuwa tunaishi kama mawifi wanavyoishi: kutaniana asubuhi, kununiana jioni, na shambani kila mtu na tuta lake.

Ugonjwa ulianza kiangazi, wakati watu wanachoma majani mashambani na vumbi linakaa kwenye meno. Nilikuwa uani napepeta maharage, ungo ukaanza kucheza mikononi mwangu.

“Wifi, unapepeta au unapiga ngoma?” Skola akasema. “Sema basi, tuje tucheze.”

Tulicheka wote. Ila nilipoutua ungo mikono iliendelea kutetemeka, na yeye aliona, akaacha kucheka kabla yangu. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nililiandika jioni ile kama jambo baya. Kwa nini ameacha kucheka? Amejua nini ambacho mimi sikijui?

Kisha nikaanza kula. Nilikula kama wachimba mtaro, na bado nguo zilinivuka. Sketi ya Krismasi ikawa inazunguka kiunoni yenyewe. Nywele zilibaki kwenye kitana. Jasho lilinitoka hata asubuhi zile za baridi ambazo kwetu mtu huota moto akiwa na koti. Moyo ulikuwa unatwanga, hasa nikilala. Macho yakatoka nje na kukataa kufumba kabisa. Nikimtazama mtoto wa jirani, analia. Shingo nayo ilijaa taratibu kama unga uliotiwa hamira. Niliifunika kwa mtandio nikidhani hakuna anayeona, na kila mtu alikuwa anaona.

Watu walisema yao. Wengine walisema ni ule ugonjwa; nikapima, haukuwa. Wengine jini, wengine sumu. Mume wangu, Baba Zabroni, hakusema kitu, alihamia kulala kwenye kochi la sebuleni. Alisema nampiga mateke. Ni kweli nilikuwa nampiga. Lakini nilijiambia ananikimbia, nikaanza kusikiliza akiongea na simu. Siku moja nilisimama nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi, kumbe anabishana na fundi juu ya tairi la baiskeli.

Ninayaandika haya ujue kwamba mashaka hayakuanza na Skola. Yalianza na kila mtu, halafu yakamkuta yeye amekaa karibu.

*

Mvua za kwanza zilipoanguka ndipo nilipelekwa hospitali Kasulu. Lami imefika sasa, safari si mateso kama zamani. Mateso yalikuwa benchi. Unakaa mwisho, mtu wa mbele akiitwa mnasogea wote, na ubao bado una joto la mwenzako. Mimi sikutaka joto lolote. Nilikuwa naachia nafasi, na watu waliokuja nyuma yangu wakawa wanaingia kwenye ile nafasi, kwa hiyo nikawa wa mwisho kila mara na kumlaumu kila mtu.

Damu yangu ilichukuliwa ikapelekwa Mwanza. Majibu yalichelewa, nikaambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa bado. Niliwaza huenda wameipoteza, au wameyaona wakaogopa kuniambia. Nesi wa dirishani alikuwa na tabia ya kutazama pembeni akiongea. Baadaye niligundua alikuwa anatazama saa ya ukutani, mtoto wake alikuwa ananyonya bado.

Benchini ndipo nilipomjua Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa sokoni Kasulu, ambaye wazee wake walitoka pwani. Naye alikuwa na shingo kama yangu, ila yake ilikuwa imeanza kupungua. Alinitazama mtandio, akacheka.

“Hebu utoe huo, mwenzangu, utajinyonga. Hapa wote tunajuana.”

Nikautoa.

“Umeshaanza kugombana na watu?” akaniuliza.

“Mimi sigombani na mtu.”

“Haya. Mimi nilimtoa mume wangu nje na godoro lake.”

“Alikosa nini?”

“Alikuwa anapumua.” Akajipangusa machozi ya kicheko kwa pembe ya ushungi. “Anapumua kwa makusudi, niliwaambia wazee. Wazee wakatazamana. Nikwambie kitu, bibi wee. Dawa utapewa, utameza, na itakuchukua muda. Mpaka ikae mwilini, usimtoe mtu nyumbani. Usiuze shamba, usivunje undugu. Lolote kubwa litakalokujia kichwani, liambie lisubiri mavuno.”

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza anapata faida gani kunishauri.

Majibu yalipokuja niliandikiwa vidonge, vya shingo na vya moyo, na kuambiwa niwe nakuja kupima kila baada ya majuma kadhaa. Daktari alisema ugonjwa huu huleta hasira na woga. Sikumwamini sana. Mwenye hasira akiambiwa ana hasira, unajua anavyokuwa.

*

Nikienda kliniki nilikuwa nafikia kwa shemeji yangu Gervas, kaka wa mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu. Shemeji ni mtu mwenye mkono wazi na sitaki mtu asome hapa akafikiri namsengenya. Nilipotoka kuchukua dawa mara ya kwanza alinikabidhi blanketi kubwa, zito, lenye picha ya chui, ndani ya mfuko wa zipu. Aliniweka katikati ya sebule nikiwa nimelikumbatia, akatupiga picha, mimi na chui, akairusha kwenye kundi la ukoo. Watu wakaandika amina nyingi. Katika picha ile mimi na chui tuna macho yanayofanana.

Blanketi lile sikuwahi kujifunika. Mtu anayetokwa na jasho asubuhi ya baridi utamfunika chui wa nini? Lakini nililipenda. Nililiweka juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na kila aliyekuja kunitazama alionyeshwa. Na nitakwambia ukweli kwa nini nililipenda: lilikuwa limefungwa. Limetoka kiwandani, mashine imelikunja, mashine imefunga zipu. Nani atatia ubaya kiwandani? Hata matufaha ya dukani aliyoniletea shemeji nilikula bila wasiwasi, lakini uji wa ulezi aliopika Skola niliumwagia mgomba. Mgomba ule ulistawi vizuri sana, nalisema hilo kwa haki.

Ndipo ukaja mto.

Maharage yalikuwa yametoa maua. Nilirudi kutoka kliniki nikakuta kitandani mto mgeni, mrefu kidogo, umeshonwa kwa mkono, foronya ya shuka kuukuu ya bluu. Upande mmoja ulikuwa na bonde.

“Nimekushonea,” Skola alisema kutoka mlangoni. Hakuingia. “Lalia ubavu, shingo ikae hapo penye bonde. Foronya utafua. Wenyewe usiufungue.”

“Una nini ndani?”

“Una mto ndani.” Akaenda zake.

Nilipoulalia, nililala. Nililala kama sikuwahi kulala tangu kiangazi, shingo haibanwi, jasho halijai sikioni. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliamka nimeshtuka. Vidonge vya hospitali, na vitabu vyao na maabara yao, havijanilaza. Tambara la Skola limenilaza mara moja? Limetiwa nini?

Siku chache baadaye akaja dada yangu Leokadia kunitazama. Yeye ameolewa karibu na kwetu nilikozaliwa, Munanila, kule mpakani na Burundi. Alileta ndizi na habari.

“Wifi yako alikuja kwetu kufanya nini?”

“Kwenu wapi?”

“Munanila. Nilimwona siku ya gulio, anashuka na kikapu. Nikamwita, akajifanya hasikii.”

Skola alikuwa ameniambia siku ile anakwenda Kasulu kuulizia sabuni za kuuza. Munanila hana ndugu, hana rafiki, hana shamba. Na watu wa huku wakisikia mtu kaenda mpakani kwa siri, wana jambo moja tu vichwani: kafuata mganga. Mimi nimezaliwa huko, waganga niliwajua wawili, na wote walishindwa hata kikohozi cha mama. Lakini akili ya mgonjwa haikumbuki ya namna hiyo.

“Kuna nguo yako yoyote imepotea?” dada akauliza kwa sauti ndogo.

Tulifungua sanduku. Mbeleko niliyobebea watoto wangu wote haikuwepo. Sweta la shule la Zabroni, la darasa la kwanza, nililolitunza miaka yote, halikuwepo. Dada aliuangalia mto. Aliuminya kidogo kwa kidole, akakivuta kidole kama ameshika kaa la moto.

“Mdogo wangu, hicho kitu ukichome leo. Halafu tuwaite wakubwa wa kwa mume wako wakae.”

Wakubwa wakae. Nilijua kikao hicho kinavyoisha. Skola angeulizwa mbele ya watu, angejibu kwa ulimi wake ule ule wa pilipili, na ulimi huo ungekuwa ushahidi. Kufikia jua kutua angekuwa barabarani na mfuko wake wa nailoni, kama asingekutwa na baya zaidi kabla ya kufika barabarani.

Neno lilikuwa pale, limekaa kwenye ulimi. Dada alikuwa ananisubiri. Ndipo nikamkumbuka Bi Zuhura na mume aliyekuwa anapumua kwa makusudi, na sijui ilikuwaje, nikacheka. Dada alikasirika.

“Unacheka nini?”

“Acha mpaka tuvune,” nikamwambia.

“Utavunia kaburini.”

“Basi mtavuna nyinyi. Lakini acha.”

Sikuwa jasiri, usinielewe vibaya. Niliuficha mto kwenye ghala nyuma ya magunia, nikarudi kwenye mto wangu wa zamani wa sponji na jasho lake. Skola aliona kitanda hakina mto wake. Hakuuliza. Na kutouliza kwake nako nilikuandika.

*

Kusubiri mavuno ukiwa na jambo kama lile ni ugonjwa wa pili. Nilikuwa nakula nilichopika mwenyewe kwa mikono inayomwaga. Baba Zabroni alichoka.

“Mama Zabroni, mnagombea nini na Skola?”

“Hatugombani.”

“Basi nyamazeni kwa sauti ndogo,” alisema, akarudi kwenye kochi lake.

Lakini vidonge vilikuwa vinafanya kazi yake polepole, kama maji yanavyoingia ardhini. Sikuona siku. Niliona tu kwamba sketi imeshika kiuno. Nilipanda kilima cha kanisani sikupumzika kati. Huko Kasulu nesi wa dirishani alisema nimenenepa, nami, ajabu, sikumuuliza ana maana gani.

Maharage yalipokauka, Skola na mume wangu walikwenda kung'oa, mimi nikabaki kuchunga nyumba. Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua. Nilijisemea kwamba mavuno yameanza, ahadi imekwisha, na mtu wa haki hahukumu kitu ambacho hajakitazama. Nilitandika mkeka uani, nikautoa mto ghalani, nikachukua wembe.

Kwanza niliangalia mshono. Ulikuwa wa mkono, mdogo mdogo, umerudiwa mara mbili. Niliukata huku nikitazama lango.

Hakikutoka kichwa cha nyoka wala kucha. Yalitoka matambara. Yamefuliwa, yamekatwa vipande kama vya kiganja, yananukia sabuni na jua. Niliyapekua moja moja nikitafuta fundo, unywele, karatasi. Hakuna. Ila nilianza kuyajua. Sweta la Zabroni, la kijani, kiwiko nilichokitia kiraka mwenyewe. Mbeleko. Shati la marehemu baba lenye mistari. Halafu kitenge cha mama yangu, cha rangi ya kutu, alichokuwa anajifunga akienda kupalilia, nami mgongoni mwake. Mama alikufa miaka mingi iliyopita. Nilikinusa. Kilinukia sabuni tu, lakini nilikinusa tena.

Sasa nielewe. Kwa mtu kama dada yangu, hapo ndipo kesi inapoisha. Nguo za mtu, zilizochukuliwa kwa siri, nguo za marehemu ndani yake, zimekatwa, zimeshonewa chini ya kichwa cha mgonjwa: ungemwambia mtu yeyote Kibondo nzima angesema ndivyo inavyofanywa. Na mimi, nikiwa nimeshika kitenge cha mama, nilikuwa naona mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yalikaa sawa. Kulikuwa pia na vipande vya kitambaa chekundu cha maua meupe, ambavyo sikuvijua. Hicho kilinitisha kuliko vyote. Hiki cha nani?

Nikiwa bado nimekishika, Skola akaingia langoni na mzigo wa maharage kichwani. Aliutua taratibu. Alitazama mkeka, wembe, matambara.

“Mawe wee,” alisema, akimwita mama kwa Kiha. “Umemchinja.”

Sikucheka. “Nani alikupa kitenge cha mama?”

“Kaka yako, yule aliyebaki kwenye mji wenu.”

“Siku uliyosema unakwenda Kasulu.”

“Ndiyo. Nilikudanganya.” Alianza kujipangusa udongo kwenye miguu. “Ningesema naenda Munanila ungekaa kimya? Wiki ile ulininunia kwa sababu nimefunga mlango. Wiki hiyo hiyo ukaninunia kwa sababu nimeuacha wazi.”

Ilikuwa kweli.

“Na mbeleko?”

“Nilimwomba kaka, mumeo, na sweta pia. Akatoa bila kuuliza. Mwanaume ukimwomba tambara anajua unafuta baiskeli.”

“Skola.” Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, si mikono. “Kwa nini nguo za watu wangu? Unajua watu wanavyosema juu ya nguo za mtu.”

“Najua. Mimi nimezaliwa wapi, Ulaya?” Akakaa chini kwenye ukingo wa mkeka. “Lile sponji lilikuwa linakupika. Nikakumbuka bibi yetu alilalia mto wa matambara ya pamba, yaliyochakaa, ndiyo yanayopoa. Sasa niyatoe wapi? Sokoni yapo ya mtumba. Nikulaze juu ya nguo za watu nisiowajua, waliozivua kwa nini sijui? Nikasema, kama ni matambara, basi yawe ya watu wake. Akigeuka huku amkute mama yake, akigeuka kule amkute mwanawe. Wewe mwenyewe ulilia hapa, ukasema ukilala unajiona umebaki peke yako duniani.”

Nilikuwa nimelisema hilo, tena kwa hasira, nikimpigia kelele yeye.

“Na hilo bonde,” akaendelea, maana akianza haachi, “usidhani lilikuja lenyewe. Nilijifunga bakuli dogo shingoni kwa kanga nikalala nalo, nione linabana wapi. Nimelala na bakuli la mchuzi, wifi, kwa ajili yako. Kaka angenikuta vile, angenirudisha Kakonko.”

“Kwa nini ulisema nisiufungue?”

“Kwa sababu nilijua utaufungua.”

Kuku walikuwa wamefika kwenye mzigo wa maharage na hakuna aliyewafukuza. Nikainua kile kitambaa chekundu.

“Na hiki?”

“Hicho achana nacho.”

“Ni cha nani, Skola?”

Alikitazama, kisha akatazama kuku. “Changu. Gauni nililokuja nalo siku niliporudishwa. Wote walikuwa sebuleni, kaka, shemeji zako, na mama yetu alikuwa bado hai, wananiuliza nimekosa nini kwa mume. Nimesimama na mfuko. Ukatoka jikoni na mwiko mkononi, ukasema, ‘Maharage yameiva. Mtamhoji akishashiba.’ Ukanishika mkono ukanikalisha. Basi na mimi nikajiweka humo. Kama nimejiweka pasipo pangu, kitoe.”

Sikukumbuka. Nilitamani kukumbuka, lakini ningedanganya. Jioni nilitafuta daftari la mwaka ule. Nilikuwa nimeandika: Skola amerudi. Maharage yaliungua kidogo. Basi, hakuna zaidi. Jambo ambalo mwenzangu alilibeba kama mali, mimi niliandika kuungua kwa maharage.

“Ulitaka kuniambia kitu?” Skola aliniuliza pale mkekani. Alinitazama machoni, macho yangu yale yaliyokuwa yanatisha watoto.

“Hapana,” nikasema.

“Basi.”

Nadhani alilijua lile neno. Nadhani alilijua tangu siku mto ulipoondoka kitandani, na bado alikuwa anateka maji na kuniwekea mlangoni.

*

Sasa ni kiangazi kingine. Watu wanachoma majani tena. Vidonge vya moyo niliachishwa, vya shingo nameza kidogo, na kliniki nakwenda mara chache. Uvimbe haujaisha wote, daktari anasema huenda siku moja wakaukata na huenda isihitajike. Macho yamerudi karibu na mahali pake. Baba Zabroni amerudi kitandani na anapumua, namwacha apumue.

Daktari alisema woga ule ulikuwa wa ugonjwa. Ningependa iwe hivyo. Lakini siwezi kuutupia ugonjwa kila kitu. Kukiamini kitu kwa sababu kimefungwa zipu, na kukiogopa kwa sababu kimepita mikononi mwa mtu, hilo nilikuwa nalo kabla shingo haijavimba, na naona wazima wengi wanalo. Kitu cha kununuliwa hakitutishi kwa sababu hakijui chochote kuhusu sisi. Mto ule ulijua shingo yangu inabanwa wapi na namlilia nani. Ndiyo maana niliuogopa.

Blanketi bado lipo juu ya kabati. Shemeji Gervas akija tunalitandika kitandani, akiondoka tunalirudisha. Nalo nalitunza. Mtu alitoa kwa moyo, si kosa lake kwamba hakuuliza kama nasikia baridi. Dada Leokadia bado hataki kukaa kwenye kitanda changu.

Na wewe uliye benchini, ushauri wangu ni ule ule wa Bi Zuhura, sina mwingine: meza dawa, na neno kubwa liambie lisubiri mavuno.

Mto niliushona mwenyewe. Skola alitaka kunisaidia, nikakataa. Kabla ya hapo nilikuwa siwezi kutunga uzi kwenye sindano, uzi unakwenda Kasulu na tundu linakwenda Kakonko. Siku ile ulipita. Nilirudisha ndani baba, mama, mbeleko, sweta. Kitambaa chekundu sikukirudisha kilikokuwa. Nilikishona juu, nje ya foronya, upande ninaoweka shavu.

Skola alikuja akauchukua, akaugeuza, akavuta mshono wangu kwa nguvu kutafuta pa kunicheka.

“Wifi,” akasema, “huu ni mshono wa mlevi.”

Akauvuta tena.

“Lakini umeshika.”